Zawadi ya Msimamizi wa Tasnifu: Namna ya Kuinunua Msimbazi

Umeshatetea tasnifu. Marekebisho ya watahini yamekubaliwa, nakala za jalada gumu zimepokelewa, na kilichobaki ni kusubiri joho. Sasa unamfikiria msimamizi wako, yule aliyekuwa akikurudishia sura ya pili ikiwa na wino mwekundu mwingi kuliko mweusi, akapokea simu yako jioni ya Ijumaa wakati wenzake wameshafunga ofisi. Unataka kumshukuru kwa kitu cha kushikika. Kila unayemuuliza anakujibu kwa mkato: nenda Kariakoo, hukosi.

Kweli hukosi. Shida ya Kariakoo ni kupata, tena kupata kila kitu kwa mpigo. Mtu anayeshuka kwenye mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi, Kariakoo, bila kujua anatafuta nini hurudi na saa ya ukutani yenye picha ya maporomoko ya maji na maandishi ya dhahabu, akiwa ameshakula hela ya wiki nzima. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na saa hiyo.

Kipimo ninachokupa ni kimoja, na kitatusaidia hadi mwisho. Chukulia kwamba zawadi yako imekaa juu ya meza ya msimamizi wako ofisini. Mkuu wa idara anaingia, anaitazama, anauliza, "Hii umeitoa wapi, Dokta?" Kama msimamizi anaweza kujibu papo hapo, "Ameniletea mwanafunzi wangu, amemaliza," umenunua vizuri. Kama itabidi aisukumie kwenye droo kabla mlango haujafunguka, umekosea, hata kama umeuza kiwanja kuipata.

Siku kwanza, kitu baadaye

Zawadi ileile inaweza kuwa shukrani mwezi wa kumi na moja na rushwa mwezi wa sita. Kinachozitenganisha ni alama. Maadamu msimamizi hajasaini fomu ya kuwasilisha tasnifu, au ripoti yake haijatoka, au Seneti ya chuo haijaidhinisha matokeo, usimpelekee chochote zaidi ya salamu na ile sura uliyomwahidi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa na anayepokea, na haijali kama kitu kimefungwa utepe. Vyuo navyo vina kanuni zake za maadili kwa watumishi. Ukiwa na shaka, muulize katibu muhtasi wa idara. Huyo ameona mengi yakiingia na kutoka kwenye zile ofisi, na atakwambia kwa sentensi moja kipi hupokewa na kipi hurudishwa.

Wengi wanaijua hiyo. Wanakonaswa ni kwenye barua ya mapendekezo. Umemaliza, umepata tangazo la kazi, unahitaji msimamizi akuandikie barua, na unaona heri umalize mambo mawili kwa safari moja: mfuko wa zawadi mkono wa kulia, fomu ya mapendekezo mkono wa kushoto. Usifanye hivyo. Omba barua kwanza, ipate, ipeleke inakokwenda, halafu zawadi ije wiki nyingine. Na kama mtu huyohuyo ndiye atakayekusimamia tena kwenye uzamivu, bado hujatoka mikononi mwake. Kwa sasa mwandikie barua ya shukrani na umpe nakala ya tasnifu. Kitu cha dukani kisubiri safari ya pili imalizike.

Lipo pia lile jambo ambalo watu hulizungumza kwa chinichini. Kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo kinahusu rushwa ya ngono, na vyuo vyetu vimetajwa mara nyingi katika mjadala huo. Kwa hiyo mwanafunzi wa kike anayemshukuru msimamizi wa kiume, au wa kiume anayemshukuru wa kike, aachane na manukato, shati, mkufu na saa ya mkononi. Vitu vya kugusa mwili vina lugha yake, na hutakuwepo kuitafsiri pale mke au mume wa mtu atakapoviona. Chukua kitu cha meza, cha rafu au cha familia nzima. Na ikiwa ni yeye aliyeanza kukudokeza anachokitaka, hapo hakuna zawadi tena. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Kuhusu bei, nitasema wazi: elfu ishirini mpaka hamsini inamtosha mwanafunzi mmoja. Mahafali yenyewe yana gharama, kuna joho, picha, na ndugu waliopanda basi kutoka Songea wanaotaka kula. Msimamizi wako alikuwa mwanafunzi pia, pengine aliishi kwa bumu kama wewe, na kitu cha laki tatu kitamtia wasiwasi kabla ya kumfurahisha. Mkitaka kutoa kikubwa, changeni. Wanafunzi sita wa msimamizi mmoja wakiweka elfu kumi na tano kila mmoja wanapata kitu cha heshima, na zawadi ya kundi ina faida nyingine: hakuna anayeweza kusema imetoka kwa fulani kwa sababu fulani. Chagueni mweka hazina mmoja, wekeni tarehe ya mwisho, na msikubali ahadi. Sisi na michango tunafahamiana. Aliyeahidi hutoa kwa shida kuliko aliyekaa kimya.

Mjue mtu wako

Kabla ya kupanda gari, kaa chini umfikirie. Anakunywa nini ofisini, chai au kahawa? Anafunga Ramadhani au Kwaresima? Ana miwani ya kusomea? Ukutani kwake kuna nini? Miaka uliyokaa kwenye kile kiti cha wageni ukisubiri amalize simu ilikuwa nafasi nzuri ya kutazama chumba, na sasa inakulipa.

Usisahau mpira. Mtaa wa Msimbazi ndiko yaliko makao makuu ya Simba, na Wekundu wa Msimbazi hawajaanza leo, ni klabu ya tangu 1936. Watani wao Yanga, wa 1935, wako Jangwani, hatua chache tu kutoka hapo. Ukimfungia mwanachama wa Yanga zawadi kwa karatasi nyekundu na utepe mweupe, atacheka, lakini atakumbuka rangi kuliko kilichomo ndani. Kijani na njano kwa mtu wa Simba, vilevile. Kama hujui anashabikia nini, bluu haijamkosea mtu.

Kuingia na kutoka

Wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, panda mwendokasi Ubungo, lile la Gerezani. Likipita Fire linaiacha Barabara ya Morogoro na kuingia Mtaa wa Msimbazi. Shuka Msimbazi Polisi au endelea hadi mwisho, Gerezani. Wa DIT, CBE na Muhimbili mko karibu kiasi kwamba miguu inatosha. Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Jumamosi, na wiki za kuelekea Idi na Krismasi, Mtaa wa Kongo haupitiki, na mtu anayesukumwa na watu hachagui zawadi, ananyakua. Simu weka mfuko wa mbele, begi livae tumboni.

Ukishuka tu utakutana na winga. Ni kijana mchangamfu, anakuita boss au dada yangu, anataka kujua unatafuta nini akupeleke "kwa bei ya jumla". Winga si mwizi, anafanya kazi yake, ila posho yake hulipwa na wewe ndani ya bei utakayotajiwa dukani. Mjibu kwa adabu, "Nashukuru kaka, napajua ninapokwenda," na uende kweli. Ukisimama kufikiria katikati ya njia, umeshampa kazi.

Kwa ramani ya haraka: Mtaa wa Uhuru ni wa khanga na vitenge. Kongo ni nguo, na wamachinga wametandaza mpaka barabarani. Msimbazi na mitaa iliyo kando yake, Aggrey ikiwemo, utaona simu na vifaa vya umeme fremu baada ya fremu. Ingia maduka matatu uulize bei kabla ya kutoa hela, ukianza na la ndani, maana fremu ya kona inalipa kodi ya kona. Na kabla hujalipa soma bango lililo nyuma ya muuzaji: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wanamaanisha. Lakini dai risiti ya EFD hata hivyo, kwa sababu kitu kikiwa na kasoro, ndiyo itakayokupa mdomo wa kurudi.

Khanga, na umakini wake

Ningekuwa nanunua kwa ajili ya msimamizi wa kike, nami ni mwanafunzi wa kike, au natumwa na kundi, ningekwenda moja kwa moja Mtaa wa Uhuru kutafuta doti ya khanga. Ni zawadi ya heshima, haimpiti mtu umri, haina saizi, na bei yake haimwogopeshi yeyote. Inafaa pia kwa mke wa msimamizi wa kiume, kwa sharti kwamba unamfahamu mama huyo, umewahi kula kwake au kumsalimia, na inatolewa mbele ya mumewe.

Sasa, khanga ina kinywa. Ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, yale maandishi. Watu hununua kwa rangi, wakafika nyumbani ndipo wakasoma. Fikiria unampelekea mtaalamu aliyekulea kitaaluma miaka mitatu doti iliyoandikwa "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Au "Hasidi hana sababu", akae wiki nzima akijiuliza unamsema nani pale idarani. Majina ya mahaba nayo ni mengi, na hayo hayahitaji maelezo. Kwa hiyo mwambie muuzaji aikunjue yote, usome herufi kwa herufi, usikubali "hii nzuri, ya shukrani" kutoka kwa mtu anayetaka kufunga hesabu. Kinachofaa ni jina la wema, la dua au la elimu. "Wema hauozi" ni mfano mzuri: methali inayojulikana, haina mshale wowote ndani. Usipopata jina unalolipenda duka la kwanza, nenda la pili. Mtaa ni mrefu.

Ukishapata jina, tazama kitambaa. Khanga nzuri ni ya pamba. Ikamate kwenye kiganja, ifinye, iachie. Ya pamba hubaki na mikunjo, ya nailoni hurudi kama haikuguswa. Geuza upande wa nyuma uone kama rangi imepenya au imepakwa juu tu. Angalia pindo lisiwe limepinda, na jina likae sawa katikati, maana vipande vilivyochapwa kombo huchanganywa na vizima. Ugumu wa khanga mpya usikutishe, huo ni wanga, utatoka kwenye maji ya kwanza. Doti huuzwa vipande viwili vikiwa havijatenganishwa. Mpe fundi avikate na kuvipinda ncha. Mafundi wa cherehani wako kwenye baraza za mitaa hiyohiyo, na kazi hiyo haichukui muda. Khanga iliyokwisha pindwa inaonyesha umeifikiria. Isiyopindwa inaonyesha umepita dukani.

Vitenge havina maneno, hivyo hatari ni ndogo, ila huuzwa kwa urefu tofauti. Ulizia ni mita au yadi ngapi kabla hamjaanza kukubaliana bei. Msimamizi wa kiume anaweza kupenda kitambaa cha shati, na wale wazee wetu wa kaunda suti bado wapo idarani, lakini kushona ni mambo ya vipimo na fundi wake, na nguo za mwili ziwe za kundi au zisiwepo. Kwa msimamizi Mwislamu, kundi linaweza kumnunulia kofia iliyoshonwa kwa mkono, ile ya vitundu vidogovidogo. Ni kazi ya wiki nyingi ya mtu aliyekaa na sindano, na mtu aliyesoma tasnifu yako mstari kwa mstari ataiona hiyo kazi. Hakikisha umejua mzingo wa kichwa chake. Rafiki yake wa msikitini atakwambia.

Vitu vya kuachana navyo

Vikombe vya kuchapwa jina, ngao za kioo, na saa za ukutani, msimamizi aliyefundisha miaka kumi na tano anazo za kufungulia duka. Nasema hivyo bila dharau kwa wanaozitengeneza. Ukiingia ofisi nyingi za vyuo utaziona zimepangwa juu ya kabati la mafaili, zimeshika vumbi, na mwenye ofisi hawezi kuzitupa kwa sababu zina jina lake.

Kalamu zenye majina makubwa ya Ulaya, kwenye kisanduku chekundu cha mahameli, zina bei ya ajabu kwa sababu nyingi si za huko. Tume ya Ushindani, FCC, imeshakamata bidhaa bandia Kariakoo mara nyingi, na kalamu inayovuja wino kwenye mfuko wa shati jeupe la Profesa siku ya kikao ni kumbukumbu usiyoitaka. Ukipenda kalamu, nunua ya kawaida iliyo ya kweli. Flashi na diski za kuhifadhia data hatari yake ni kubwa zaidi: zipo zinazoandikwa ukubwa mmoja, ndani zina mwingine, zikijaa zinafuta. Mtu akiweka humo data za utafiti wake kwa sababu alikuamini, hasara yake haina risiti. Ukilazimika, zijaribu dukani kwenye kompyuta, uzijaze kweli, siyo kutazama namba tu.

Na kuku. Kijijini mwalimu huletewa kuku, na ni shukrani safi isiyo na lawama, nisingependa mtu aidharau. Lakini kuku hai kwenye korido ya jengo la utawala anamweka kila mtu mahali pagumu, yeye mwenyewe kuku akiwa wa kwanza. Kama familia yako lazima itoe kuku, aende nyumbani, na mzazi wako ndiye ampeleke.

Vinavyoliwa

Chakula kina sifa moja kubwa: hugawanywa. Kilo ya korosho zilizokaangwa vizuri ikifunguliwa ofisini, idara nzima inakula, na hakuna tena cha kuficha. Kahawa ya Bukoba au ya Kilimanjaro kwa mnywaji, asali ya Tabora kwa mwenye chai, tende ukikaribia mwezi wa Ramadhani. Mchele wa Kyela, kilo tano kwenye mfuko safi, ni zawadi ambayo Mtanzania hahitaji kuelezwa. Onja korosho kabla ya kununua, zilizokaa sana zina ladha ya mafuta yaliyochacha. Asali inunuliwe ikiwa na lebo na muhuri, siyo kwenye chupa ya maji. Mchele omba uuone kiganjani na uunuse, kwa sababu gunia likiandikwa Kyela halijathibitisha lolote.

Kifungashio ni sehemu ya zawadi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo utapewa mfuko wa kitambaa chepesi wenye nembo ya duka. Usimkabidhi ndani ya huo. Nunua mfuko wa karatasi usio na maandishi, au kikapu cha ukindu kutoka kwa mama anayesuka, ambacho kitabaki na kazi baada ya mchele kuisha.

Ukikosa dukani, vuka Mnazi Mmoja

Kwa msimamizi msomaji, na wengi wao ni hivyo, zawadi bora haiko Kariakoo. Vuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, uelekee Posta, ufike Mtaa wa Samora kwenye duka la vitabu la TPH. Tanzania Publishing House ndiyo iliyotoa mwaka 1972, pamoja na wachapishaji wa London, kile kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya na Afrika, alichokiandika akiwa mwalimu pale Mlimani. Walter Bgoya, aliyeiongoza nyumba hiyo tangu mwaka huohuo, baadaye mwaka 1991 alianzisha Mkuki na Nyota.

Kumpa msomi kitabu kuna ugumu wake: cha fani yake anacho, na kama hana, ana sababu. Nenda nje ya fani. Mwalimu wa uhandisi mpe Shaaban Robert. Mwalimu wa fasihi mpe kitabu cha ndege wa Tanzania, au cha historia ya jiji. Mpe riwaya mpya ya Kiswahili ambayo wewe umeisoma ukaipenda, uandike ukurasa wa kwanza kwa nini. Kamusi usimpe, itaonekana unamsahihisha. Na wauzaji wa vitabu vya mtumba ukiwakuta njiani wape nusu saa. Toleo la zamani la kitabu alichokitaja darasani, lenye jina la mwenyewe wa kwanza na tarehe ya miaka ya sabini, linaweza kumgusa kuliko kipya cha bei mara tano.

Kwa walimu wa Ardhi, wale wa usanifu na mipango miji, kuna wazo moja ambalo linatoka Msimbazi kabisa. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, na paa lake la zege limeumbwa kwa vikombe vinavyokusanya maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliunguza. Picha nzuri ya lile paa, iliyochapwa studio na kuwekwa fremu ya mbao, itaning'inia ukutani kwa mwalimu wa usanifu bila aibu hata kidogo, na mgeni akiuliza, mwalimu atapata mhadhara wa bure wa kutoa.

Barua ndiyo mzigo wenyewe

Hapa ndipo sina mzaha. Ukinunua kila kitu nilichokitaja na usiandike barua, umepeleka bidhaa. Ukiandika barua nzuri na usinunue chochote, umeshukuru. Ukurasa wa shukrani ndani ya tasnifu hauhesabiki. Huo unafuata desturi, Mungu kwanza, msimamizi wa pili, wazazi wa tatu, na anajua kwamba ungeuandika hata kama angekuwa wa hovyo.

Andika kwa mkono, ukurasa mmoja, na utaje jambo moja ambalo yeye tu ndiye alilifanya. Kwa mfano hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza, na nimeona nisikushukuru kwa kila kitu, maana ni vingi. Nakushukuru kwa siku ile uliponiambia kwamba data zangu zinasema kinyume na ninavyotaka ziseme, ukanipa wiki mbili nikazisome upya. Nilikasirika. Sura ya nne ilizaliwa katika wiki hizo mbili, na ndiyo aliyoisifu mtahini wa nje. Sasa nafundisha, na wiki iliyopita nilimwambia mwanafunzi wangu maneno yaleyale. Naye amekasirika."

Weka jambo lako badala ya hilo. Ukiona barua yako inaweza kumfaa msimamizi yeyote kwa kubadilisha jina tu, chana, anza upya.

Pamoja na barua, mpe nakala yako ya jalada gumu yenye maneno yako na sahihi ukurasa wa mwanzo. Wapo wanaodhani hiyo ni bure tu. Tazama rafu za msimamizi yeyote mzee: tasnifu za wanafunzi wake zimepangwa mahali pa macho, na vikombe viko juu ya kabati. Kisha, kama kweli unataka kumfurahisha, toa makala kwenye hiyo tasnifu. Wa fani ya lugha mna majarida ya Kiswahili na Mulika palepale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Mlimani. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, na makala iliyoandikwa pamoja naye, yenye mchango wake wa kweli, ataiweka kwenye wasifu wake mpaka atakapostaafu.

Aliye mbali, na siku ya kukabidhi

Kama umesomea ng'ambo na msimamizi wako ni Mjerumani au Mfini, kipimo cha meza ni kikali zaidi, kwa kuwa maprofesa wengi wa vyuo vya umma Ulaya wanabanwa na masharti ya utumishi kuhusu zawadi. Kahawa, korosho za kula pamoja kwenye jiko la idara, au doti ya khanga itakayotundikwa ukutani, hivyo hupita. Nyama na vitu vya maziwa msafiri haruhusiwi kuviingiza Umoja wa Ulaya, kwa hiyo samli ya bibi ibaki nyumbani. Wafini wana karamu ya jioni baada ya utetezi, karonkka, ambayo mtahiniwa ndiye anayeiandaa kwa heshima ya mtahini aliyembana mchana kutwa. Ukialikwa au ukiiandaa, barua yako isomwe hapo.

Kwa aliye hapa nyumbani, omba miadi. Nenda saa za kazi, mlango ukiwa wazi, ikiwezekana na mwenzako. Kabidhi kwa mikono miwili, sema uliyonayo kwa dakika mbili, usimlazimishe afungue mbele yako. Akikataa, usibishane na usiiache kwa katibu muhtasi kijanja. Chukua zawadi yako, muachie barua. Kuna wasimamizi wasiopokea kitu kwa mwanafunzi kamwe, na msimamo wao unastahili heshima kuliko chochote kilichokuwa kwenye mfuko.

Mwisho, kabla hujafunga huo mfuko, chungulia ndani. Toa risiti.